Elimu ya Kando ya Moto: Mzazi na Mtoto Mdogo Katika Historia ya Mbalizi

Kati ya mwaka 1926 na 1929 kilichapishwa mjini Berlin kitabu cha juzuu tatu juu ya Wasafwa, watu wa miteremko ya milima ya Mbeya. Mwandishi wake alikuwa mwanamke, Elise Kootz-Kretschmer wa misheni ya Moravian, aliyekaa miaka mingi miongoni mwao, akayaandika aliyoyasikia kwa lugha yao na kuyafasiri kwa Kijerumani. Juzuu ya kwanza inaeleza maisha yao. Ya tatu ina matini za Kisafwa chenyewe. Na ya pili ilipewa jina ambalo mfasiri yeyote atatua kalamu alitazame mara mbili. Kwa Kiswahili jina hilo laweza kuwa "Mali ya Akili ya Wasafwa". Mali! Ilhali dola zote mbili za kikoloni zilizotawala nchi ile, ya Mjerumani na ya Mwingereza, zilimhesabu Msafwa kwa kibanda chake ili zimtoze kodi, mwanamke huyu aliona kuna mali nyingine humo kibandani isiyotozwa kodi wala kuandikwa daftarini.

Mali hiyo ni hadithi, mafumbo, maneno ya hekima, na namna ya kusema. Swali linalostahili kuulizwa juu yake ni jepesi: ilifikaje? Wazee waliomsimulia bibi yule hawakupata kukaa darasani. Kila walichokuwa nacho walikipokea wakiwa wadogo, kutoka kwa mama, baba, bibi na babu, kabla ya meno ya utotoni kung'oka. Basi juzuu zile tatu, pamoja na mengine zilizo nayo, ni ushahidi wa kazi ya ualimu iliyofanywa na wazazi kwa vizazi vingi bila ya mtu kuiita ualimu.

Mbalizi ya leo ni mji wa sokoni, magharibi ya jiji la Mbeya, katika barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Magari makubwa hupita mchana na usiku; viazi, mahindi, maharage na kahawa hushuka kutoka milimani. Jirani yake ni Utengule, mahali alipojenga ngome Merere, mtawala wa Wasangu, baada ya kufukuzwa kwao Usangu na Wahehe katika karne ya 19. Na hapo hapo Wamoravian walifungua kituo chao mwaka 1895, miaka minne baada ya kufika Rungwe. Kwa hiyo katika eneo dogo lile zimekutana hali zote zilizomgusa mtoto wa nyanda za juu: vita, misheni, mgodi, reli, skuli na soko. Mwenye kutaka kujua mzazi wa Tanzania bara amemfundisha nini mwanawe nyumbani, na nani alimpokonya kazi hiyo, hatakosa pa kuanzia akianza hapa.

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuambiwa kwamba mzazi ni mwalimu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia utendi binti yake, Mwana Hashima, akiwa mgonjwa na akijua kwamba muda wake ni mfupi. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert naye akamtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Pwani imelitia wino somo la mzazi na kulifanya fasihi. Hata hivyo tendi hizo zilielekezwa kwa watoto waliokwisha kupata fahamu, wenye uwezo wa kukaa chini na kusikiliza wasia. Mtoto wa miaka mitatu au minne, pwani na bara, hafundishwi kwa wasia. Yeye hufundishwa kwa mchezo, na mkubwa wa michezo hiyo ni kitendawili.

"Kitendawili!" huita mmoja. "Tega!" huitikia wengine. Hapo pana somo la kwanza, nalo hupita bila kuonekana: mtoto anajifunza kwamba maneno yana zamu, kwamba asipoitika mchezo hauendelei, na kwamba bibi mwenye mvi hawezi kusema lake mpaka yeye mdogo amempa ruhusa. Kisha linakuja fumbo. Nyumba yangu haina mlango. Mtoto anaijua nyumba. Ana hakika kwamba ina mlango, kwani ameingilia humo jioni ile ile. Lazima aliache jina na kulishika umbo, azunguke akilini mwake akitafuta kitu kilichofungwa pande zote na ndani yake mna uhai. Akilipata yai, amefanya kazi ambayo wahakiki wa ushairi wameitungia msamiati mzito, nayo ni kuona kitu kimoja ndani ya kingine. Asipolipata, hapigwi wala hachekwi kwa dharau. Anaambiwa atoe mji. Na akishautoa, mtegaji husafiri mpaka katika mji huo kwa maneno, hukaribishwa, hula, hunywa, ndipo arudi na jibu. Adhabu ya kushindwa ni hadithi ya ziada. Ni skuli gani iliyopata kutunga adhabu njema kuliko hiyo?

Nyanda za juu zina baridi, hasa Juni na Julai, na baridi nayo ilikuwa msaidizi wa mwalimu. Watu walikaa ndani, moto katikati, mahindi au viazi vikiiva taratibu, na hapana aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Katika jamii nyingi, bara na visiwani pia, kusimulia hadithi mchana kumekatazwa kwa vitisho vya kila namna. Sababu ya miiko hiyo si ngumu kuikisia: mchana ni wa jembe. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtoto alijua saa yake. Giza likiingia, wakubwa ni wake.

Na mchana wenyewe haukuwa bila mafunzo. Chukua mfano wa maharage. Wakulima wa Mbeya kwa desturi wamepanda maharage ya mchanganyiko: mekundu, ya njano, yenye madoa, meupe, marefu, ya mviringo, na hata kituo cha utafiti cha Uyole, kilicho upande wa pili wa Mbeya, kilipoanza kutoa mbegu zake, kama vile Kabanima, Uyole 84 na Uyole 94, kilikuwa kikiongeza rangi katika ungo uliokuwa na rangi tayari. Mama akianika maharage na kumweka mtoto kando ya ungo amtengee mbegu, amempa hesabu kabla ya tarakimu. Mtoto huyo anapambanua kwa rangi, halafu kwa ukubwa, halafu anagundua kwamba ipo mbegu inayofaa mafungu mawili na kwamba lazima aamue. Mama hasemi sana. Atasema tu: hii umeiweka wapi, na kwa nini? Magunzi ya mahindi huwa watoto wa kubebwa mgongoni, mabua huwa magari, vijiwe huwa mdako, ambao ni mchezo wa jicho, mkono na idadi kwa pamoja.

Wageni wasomi walichelewa kuyaona haya. Ilichukua mpaka mwaka 1940 kwa Otto Raum, mwana wa mmisionari aliyekulia Uchagani, kutoa kitabu kizima juu ya utoto wa Wachaga, akipinga wazo lililoenea Ulaya kwamba mtoto wa Kiafrika huota kama nyasi, akiiga tu wakubwa bila kufundishwa. Raum alionyesha kwamba mzazi hufundisha kwa makusudi, hukosoa, husifu, hutega mitego midogo ya akili. Mwaka 1951 akafuata Monica Wilson na kitabu chake juu ya Wanyakyusa wa Rungwe, majirani wa kusini wa Wasafwa, ambao watoto wao wa kiume wapatao miaka kumi walikwenda kulala katika vijiji vya rika lao wenyewe, ingawa walirudi kula kwa mama zao. Wanyakyusa waliamini kwamba hekima huja kwa mazungumzo na walio sawa nawe. Msomaji atatambua maana yake kwa mama: miaka yake ya kuwa na mtoto usiku kucha ilikuwa michache. Alilotaka kulipanda ilimbidi alipande mapema.

Lakini haifai kuichora picha ya moto na bibi kana kwamba moto haukuzimwa. Karne ya 19 ilikuwa ya mateka. Misafara ya watumwa ilipita kati ya Nyasa, Rukwa na Tanganyika, na aliyekuwa rahisi kubebwa alikuwa mtoto. Kootz-Kretschmer huyo huyo aliandika habari za wanawake waliopitia utumwa, miongoni mwao Narwimba na Chisi, na mwanahistoria Marcia Wright akazitoa upya mwaka 1993 katika kitabu juu ya mbinu za wanawake za kujinusuru. Chisi alitekwa angali mtoto, na amebaki katika maandishi kwa majina matatu. Mtoto aliyetekwa hakupoteza wazazi peke yao. Alipoteza lugha ambayo ndani yake alikuwa anajua wapi pa kucheka, na katika nyumba ngeni alianza tena kujifunza kuitika, safari hii kwa hofu. Hilo lilikuwa tukio la kwanza, katika kumbukumbu zilizoandikwa za nchi ile, la mafunzo ya nyumbani kukatwa kwa nguvu. Yaliyofuata yalikuwa ya upole zaidi, na pengine kwa sababu hiyo yaliingia ndani zaidi.

Wamisionari walileta herufi. Ni haki kusema kwamba wengi wao waliziheshimu lugha za wenyeji. Ndiyo maana kuna matini za Kisafwa. Lakini herufi zilikuja pamoja na wazo jipya, kwamba elimu ni kitu kinachopatikana mahali fulani, kwa saa fulani, kwa mtu fulani ambaye si mama yako. Vita Kuu ya kwanza iliwaondoa Wajerumani, Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakashika vituo kwa muda, kisha Wamoravian wakarudi katika miaka ya 1920. Wazo lile halikuondoka na yeyote.

Kulikuwa na jaribio moja la kuligeuza, nalo lilifanyika katika nyanda hizo hizo. Mwaka 1928 huko Malangali, Iringa, Mwingereza aitwaye Bryant Mumford alianzisha skuli ya serikali iliyokusudia kujengwa juu ya mila: wazee waliitwa kufundisha historia ya kabila, ngoma na kurusha mkuki, pamoja na kusoma na kuandika. Jaribio lilisifiwa sana katika majarida ya Ulaya, na halikudumu baada ya Mumford kuondoka. Kosa lake laonekana wazi kwa mwenye kutazama leo. Wazee wale waliletwa skuli kama vielelezo, kwa wavulana waliokwisha kukua, ilhali kazi ya wazazi yenye uzito ilikuwa imekwisha kufanyika miaka kumi kabla, mekoni, mikononi mwa wanawake ambao hakuna aliyefikiri kuwaita Malangali.

Wanawake, naam. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa katika miaka ya 1920 na kuvuta wanaume kwa maelfu katika miaka ya 1930. Wengine walikwenda mpaka migodi ya Rhodesia na Afrika ya Kusini. Baba akawa mtu wa barua na blanketi. Somo la nyumbani likabaki kwa mama na bibi zaidi kuliko lilivyokuwa.

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Katika kurasa zake za mwanzo alikumbusha kwamba Afrika ya kabla ya ukoloni haikuwa bila elimu kwa sababu tu haikuwa na majengo. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi chake. Maneno hayo yangeweza kuwa msingi wa sera nzima ya mzazi na mtoto mdogo. Hayakuwa. Mazungumzo yote yaliyofuata yalikuwa juu ya skuli, mashamba yake na mitihani yake.

Kilichofika nyumbani kilipitia mlango mwingine. Tangu mpango wa maendeleo wa mwaka 1964 Nyerere alikuwa amesema kwamba watu wazima lazima waelimishwe kwanza, kwa kuwa athari ya elimu ya watoto katika maendeleo ya nchi itangoja miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni za redio zikafuata: Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975. Vikaenea vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyotungwa juu ya kazi za watu wenyewe, pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji, maarifa ya nyumbani. Mnamo mwisho wa miaka ya 1960 kadiri ya watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Hesabu za serikali za mwaka 1986 zilisema wamebaki chini ya 10. Hesabu za serikali husomwa kwa uangalifu, na wapo wengi waliofaulu jaribio na baada ya miaka michache wakasahau, kwa kuwa hapakuwa na cha kusoma kijijini. Lakini hata ukizipunguza, bado ni jambo kubwa.

Kwa historia ya mtoto mdogo, ukubwa wake uko mahali ambapo takwimu hazikutazama. Mama aliyetoka darasani jioni, chini ya mti au katika chumba kilichoachwa na wanafunzi wa mchana, alirudi nyumbani na kitabu. Alikaa karibu na kibatari akitamka silabi kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Mtoto wa miaka minne aliyelala nusu mgongoni aliziona silabi zile kabla ya kujua ni nini. Alimwona mkubwa akikosea na kurudia bila aibu. Kwa mara moja tu katika karne nzima ile skuli iliingia nyumbani kwa kumpitia mzazi badala ya kumruka. Mzazi na mtoto wakawa wanafunzi wa kitu kimoja. Waliotunga kampeni ile walikuwa wakifikiria mbolea, vyoo na kura. Mtoto aliyekuwa akisikiliza hakuwa katika mpango.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Vijiji vilihamishwa na kukusanywa kati ya 1973 na 1976. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976. Elimu ya msingi kwa wote ikaanza Novemba 1977, na sheria ya kuwalazimisha wazazi kupeleka watoto ikafuata mwaka 1978. Mbalizi ikawa mahali ambapo Msafwa, Mmalila, Mnyiha, Mnyakyusa, Mndali na Mkinga walipanga nyumba moja, na lugha ya ua ikawa Kiswahili.

Hapa ndipo msomaji wa pwani hana budi kusimama kidogo, ingawa si pazuri pa kusimama. Kiswahili, ambacho kwa mtoto wa Unguja, Lamu au Mombasa ni lugha ya titi na ya pembea, kilimfikia mtoto wa Mbalizi kama lugha ya skuli. Tangu 1967 kilikuwa ndicho lugha ya kufundishia katika skuli zote za msingi za serikali, na hilo ni miongoni mwa mambo ambayo taifa lina haki ya kujivunia: hapana nchi nyingi za Afrika zilizompa mtoto wake elimu ya msingi nzima kwa lugha ya Kiafrika. Lakini mwaka 1953 UNESCO ilikuwa imekwisha kutoa taarifa yake mashuhuri kwamba mtoto huanza vizuri zaidi kwa lugha ya mama, na lugha ya mama huko ilikuwa Kisafwa. Katika skuli nyingi za bara mtoto aliyeteleza akasema kilugha aliadhibiwa. Alirudi nyumbani na somo ambalo halikuwa katika mtaala: kwamba maneno ya bibi yake ni kosa.

Mzazi aliyempenda mwanawe alifanya hesabu ya haraka. Akaacha kumsemesha Kisafwa, akamsemesha Kiswahili, hata kama Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha sokoni, chenye maneno ya kununua na kuuza na kuamrisha, kisicho na utani, methali wala hadithi ndefu. Hakuna wa kumlaumu. Mtoto aliingia darasa la kwanza akielewa mwalimu. Lakini kwa kizazi kimoja mazungumzo ya nyumbani yalikonda. Kitendawili hakitegwi kwa lugha ambayo mtegaji anaisoma kamusi kichwani; mzazi hufundisha kwa lugha anayoweza kufanyia mzaha. Kizazi kilichofuata kilikuwa na Kiswahili chake kamili, chenye mzaha wake na vitendawili vyake, na moto ukawaka tena. Hasara ilikuwa ya wale wa katikati, nayo haikupimwa na mtu.

Na haukupita muda kabla ya hesabu ile ile kufanywa upya. Katika miaka ya 1980 uchumi ulianguka na michango ya skuli ikarudi; katika miaka ya 1990 zikafunguka skuli binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kwa mara ya kwanza kuwa sehemu ya mfumo rasmi. Mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, ulitaka kila skuli ya msingi iwe na darasa la awali. Na sera ya mwaka 2014 ililifanya la lazima. Yote ni mema. Lakini mzazi wa mji kama Mbalizi mwenye kipato kidogo cha ziada sasa humpeleka mtoto wa miaka mitatu akajifunze kutaja rangi kwa Kiingereza, na jioni hujitahidi kumjibu kwa maneno kumi anayoyajua. Lile lililokipata Kisafwa mbele ya Kiswahili linakipata Kiswahili mbele ya Kiingereza. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wakitaka kujua msiba wao unavyofanana, wamwulize mzee wa Utengule.

Visiwani na pwani njia ilikuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafundisha. Mtoto hapa alikuwa na chuo cha Kurani, na mzazi hakukiona chuo kama kitu kilichotoka nje ya nyumba. Aya alizozisoma asubuhi baba aliweza kumsikiliza jioni, kwa kuwa alizipitia yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa mwalimu aliyejulikana kama Bi Swafiya alianza, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kuunganisha malezi ya chekechea na madrasa, akitumia vifaa vya nyumbani, visa na nyimbo za Waswahili wenyewe. Zanzibar ikaipokea kazi hiyo mwaka 1990. Mwaka 2006 sera ya elimu ya Zanzibar ikaingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima, na mafunzo kwa redio yaliyoitwa Tucheze Tujifunze yakawafikia watoto katika vikundi vya mitaani. Nguvu ya kazi hizo ni kwamba mzazi alilitambua lililofundishwa. Mbalizi haikuwa na taasisi ya namna hiyo, yenye mguu mmoja nyumbani na mmoja darasani.

Ndiyo maana linavutia jambo lililofanywa na Uwezo tangu mwaka 2010. Watu wake wa kujitolea hawakwenda kupima watoto skuli. Walipita nyumba kwa nyumba, wakamkalisha mtoto uani na kumpa hadithi fupi ya darasa la pili. Walikuta kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu waliosoma. Gazeti zikawashambulia walimu. Wachache waliuliza juu ya ua ule ambapo karatasi ilisomwa.

Swali likaja lenyewe miaka kumi baadaye. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilifunga skuli kwa sababu ya maradhi ya korona, na za msingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Masomo yalipelekwa redioni na kwenye televisheni, na wazazi wakaombwa kuwasimamia watoto nyumbani. Baada ya miaka mia na zaidi ya kuambiwa kwamba elimu iko kwingine, mzazi aliombwa airudishe kwa siku moja. Walioweza zaidi walikuwa wale ambao hawakupata kuacha: mama wa shamba aliyemchukua mtoto kuvuna maharage na kumpa ungo.

Desemba 2021 ikazinduliwa mjini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane. Kati ya nguzo zake kuna ujifunzaji wa awali, na kuna kitu kinachoitwa malezi yenye mwitikio. Maneno haya ni ya kuhamishwa kutoka lugha ya ofisi za kimataifa, na mfasiri mwenye ulimi mkali angeweza kuyacheka. Lakini yatazame tena. Mwitikio! Bila ya kukusudia, wataalamu wamelichukua neno la kitendawili, lile la "Tega!", ambalo bila yake bibi hawezi kuendelea. Wanachomtaka mzazi akifanye, kumjibu mtoto anapoita, kumsubiri ajibu, kumpa zamu, kilikuwa ndani ya mchezo wa usiku wa baridi wakati Dodoma haijawa mji mkuu wa chochote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaisimu walianza jijini Mbeya kutengeneza alfabeti za lugha za eneo lile, Kisafwa na Kimalila zikiwamo, na vitabu vidogo vikaanza kutoka. Nyumbani kwa wengi hadithi hizo hazina tena msimuliaji anayezijua kwa moyo.

Sokoni Mbalizi, hata hivyo, mafundisho hayajangoja vitabu. Muuza viazi hupanga mafungu: manne chini, kimoja juu. Mtoto wake, aliyekaa juu ya gunia, hupanga lake pembeni kwa viazi vidogo visivyouzika, huanguka, hupanga tena. Akihesabu, mama humsahihisha kwa Kiswahili. Akimwaga, hugombezwa kwa Kisafwa. Na mteja wa Rungwe akipita husalimiwa kwa Kinyakyusa. Mtoto huitika kwa zote tatu.